Neno Moja Kwenye Kibao: Maisha ya Florentin Amuri, Mupimaji wa Maji

Jamaa, marafiki, na nyinyi wote mulioacha kazi zenu kuja kulia na sisi, mimi ni Donatien, mudogo wa marehemu, familia imenipa kazi hii ya kusoma, labda sababu njo mimi peke yangu hapa niko na diplome na sina mahali pa kwenda asubuhi.

Yaya wetu, kaka mukubwa, Florentin Amuri, alizaliwa Lokandu tarehe 14 Machi 1919, mutoto wa kwanza wa mzee Amuri, muvuvi, na mama Mwanahamisi, akakulia kati ya migono, ile mitego ya samaki ya baba, mwaka 1928 akaletwa hapa Kindu kwa mapadri, akasoma mpaka 1937, akatoka na Kifaransa safi kuliko cha wazungu wengine wa bandarini.

Tarehe 2 Januari 1941 aliingia service ya hygiène, kazi ya kupima maji, na tarehe 8 Agosti 1945 alifunga ndoa na mama Victorine, huyu munayemuona, Mungu akawapa watoto watatu, Louis, Hélène na Zawadi.

Mwaka 1952 kampuni ya mbao ilichimba bwawa kando ya kijito chetu Lwamba, maji yake yakivujia humo, la kuloweka mbao ndani ya produit moja kutoka Ulaya, mchwa wasizile, na tarehe 6 Oktoba directeur wa kampuni alimwita yaya atafsiri kibao kilichoandikwa Produit dangereux, ni kusema kitu cha hatari, naye, bila kuwaza sana, akaandika DAWA KALI.

Wapendwa, munajua dawa ni nini kwetu, ya mchwa ni dawa, ya panya ni dawa, ya mutoto mugonjwa ni dawa vilevile, sasa ikiwa kali, si njo itaponya mbio? Wamama walishuka na chupa chini ya bwawa, wakicheka, "Hii ya wazungu, upele utakimbia mpaka Pangi!", mama Victorine naye akajaza yake, tarehe 19 Oktoba akamwogesha Zawadi, mwenye miaka miwili, mutoto akawaka homa, jasho likamtoka kama mvua, tarehe 21 tukamuzika.

Toka siku ile yaya alitaka kitu kimoja tu, kampuni iandike SUMU. Directeur alimujibu kama anasemesha mutoto, "Lete preuves, mon petit," na hizo preuves, vithibitisho, alileta, alitega migono ya baba na kambale kumi ndani ya kila mmoja, mmoja kijitoni juu ya bwawa, mmoja chini yake, wa tatu pale Lwamba inapoingia Lualaba, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, akihesabu kila saa, na wa juu walibaki wazima wote, wa chini walikufa wote kumi mbele ya saa sita ya mchana, kambale, samaki anayeishi hata ndani ya matope!, na kule Lualaba walikufa wanne. Alirudilia mara kumi na moja, kuanzia 1953 mpaka 1956, mimi nikaandika rapport, kurasa thelathini na moja.

Jibu lilifika tarehe 4 Februari 1957, mistari miwili, kwamba kambale si muntu, na kwamba mupimaji hana diplome. Mimi mwenye diplome nilienda kusaini, wakaniambia sikupima. Voilà.

Miguu yake ilikuwa imejaa vidonda, ini likavimba, macho yakageuka manjano, akaingia hospitali tarehe 11 Mei, akatuacha jana, tarehe 3 Juni 1957, saa tatu ya asubuhi, akiwa na miaka thelathini na nane.

Tunamushukuru munganga, aliyeandika kwenye karatasi kwamba ni pombe, wakati yaya hakuonja hata ya ndizi, tunashukuru majirani waliochimba kaburi, hata wale waliomwita Bwana Kambale alipokuwa akiwafukuza majini, na wenzake wa kazi, waliokuja sita, wakasimama nyuma, directeur asiwaone.

Kisha mazishi tunanawa mikono, njo desturi yetu. Asubuhi niliomba vijana wapande kijitoni mpaka juu ya bwawa, wachote maji safi huko, nusu saa ya kutembea, wakanijibu, "Ni mbali, Bwana Diplome, maji ya chini ya bwawa tunakunywa kila siku," na ndoo ziko pale mulangoni, zimejaa.

Yaya Florentin, pumzika kwa amani, sisi tunaenda kunawa.