Bi. Nereah Aluoch, Aliyepika Nduma Kabla Haijawa Mradi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi. Nereah Aluoch anastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na mitatu katika Ushirika wa Usafi wa Tegemeo, karibu yote jikoni. Kamati iliniomba mimi, karani wa yadi ya Mashimoni, niandike wasifu wake wa kusomwa kwenye sherehe. Iliniomba pia nisitaje ile wiki ya maboksi. Nitajitahidi kwa aya tatu za mwanzo.

Alizaliwa Ugenya, akaja Nairobi kumfuata mumewe aliyekuwa fundi viatu, wakapanga chumba mtaa wa Kianda, na ni humo anamoishi hadi leo. Alipojiunga nasi mwaka wa 2002 aliajiriwa kufagia ofisi. Wakati huo ushirika ulikuwa na mikokoteni minne na watu kumi na mmoja waliozoa taka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tumboni wakiwa na chai ya rangi na andazi moja. Ikifika saa tatu, kila mtu alikuwa akimtukana mwenzake. Mwenyekiti wa siku hizo, marehemu Mzee Obonyo, aliona hiyo ni shida ya nidhamu, akamleta mtu wa kutoa mawaidha kila Jumatatu. Bi. Nereah yeye alileta sufuria ya nduma, yaani magimbi, kutoka kwake. Matusi yakapungua. Baada ya mwezi mmoja mtoa mawaidha aliondoka kwa kukosa wa kuonya, na Bi. Nereah akapewa jiko.

Upishi wake haukuwa na siri. Kabla ya kurudi nyumbani jioni, alichemsha nduma, viazi vitamu na mayai, akaifunga sufuria kwa magunia. Unga wa wimbi na mtama aliuacha uchachuke siku mbili kwenye ndoo. Asubuhi ilibaki kuupika uji, kumenya mayai na kukitilia kila kikombe kijiko cha njugu karanga alizozitwanga mwenyewe. Ushirika ulipokua, watu arobaini na wawili walihudumiwa kwa dakika kumi na moja. Nilipima, kwa sababu kamati iliwahi kutaka takwimu. Aliyechelewa alitiwa kiazi mkononi na ndizi mfukoni, akala akielekea kwenye mkokoteni. Vijana waliosimama mlangoni kumwamkia mama kwa lugha yao, “niaje, mathe,” waliambiwa, “Kula kwanza. Salamu itangoja.”

Kila Jumamosi alienda soko la Kawangware kuchagua nduma, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine. Aligonga kila moja kwa kidole, akasikiliza. Muuzaji mmoja aliwahi kumuuliza kama anangoja ishike simu. “Hii imelewa maji,” akamjibu, akairudisha kwenye rundo. Muuzaji yule siku hizi humtengea zake pembeni kabla hajafika.

Basi nimejitahidi.

Mwaka juzi, Bwana Elvis Nzuki, Afisa wetu wa Ustawi, alirudi kutoka semina ya siku tatu katika hoteli moja ya Naivasha. Bwana Nzuki ni mtu muungwana, yuko nasi hapa leo, na ametupa ruhusa ya kusimulia haya baada ya kufikiri kwa wiki mbili. Alirudi na mfadhili, na mfadhili akaleta lori la maboksi ya nafaka zilizokaushwa, zikapakwa sukari, zikakatwa umbo la nyota. Kwenye kila boksi palikuwa na mwanamume akikimbia mlimani bila shati. Kamati iliambiwa kwamba hiki ndicho kiamshakinywa cha watu wenye shughuli nyingi. Ikapitisha hoja kwa kauli moja, kama inavyopitisha kila kitu chenye picha.

Jiko likafungwa. Bi. Nereah hakufutwa. Alipewa cheo kipya, Msimamizi wa Ufunguzi, na mkasi.

Siku ya kwanza watu walifurahi, maana nyota ni tamu. Siku ya pili walimaliza bakuli tatu tatu na bado walibaki wakitazama sufuria. Siku ya nne, Alhamisi, Ambrose Wakoli alikuwa akisukuma mkokoteni uliojaa kupanda kuelekea Kianda. Ambrose ndiye mtu wetu mwenye nguvu kuliko wote. Amewahi kubeba jokofu mgongoni kuvuka mtaro. Saa tatu kasorobo alikaa chini katikati ya mlima, na mkokoteni ukarudi nyuma peke yake. Ulipita mbele ya kibanda cha maji ambako wanawake sita walikuwa wamepanga mitungi, ukamkosa mmoja wao kwa upana wa kiganja, ukaenda kugonga ukuta wa mabati wa kanisa dogo. Ndani walikuwa kwenye maombi. Mchungaji alitoka, akauona mzigo, akawarudishia waumini habari kwamba si yale waliyokuwa wakiyasubiri.

Ambrose alipoulizwa alisema tu, “Nimeisha. Hii kitu ya boksi inakuacha ukifika gate.”

Kamati ilikutana siku iliyofuata kumfukuza kazi kwa uzembe. Barua ilikuwa tayari. Niliichapa mwenyewe, na sijivunii. Ambrose alikuwa na watoto watatu shuleni na mke aliyejifungua mwezi uleule. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia mapajani. Ndipo Bi. Nereah alipoingia mkutanoni bila kualikwa, mkasi ungali mkononi. Hakuwahi kuingia chumba kile isipokuwa na trei ya chai, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyemzuia.

“Huyu si mvivu,” alisema. “Huyu ako na njaa. Mtu wa kubeba gunia mnampea chakula ya mtu wa kukaa.”

Mwenyekiti alimweleza kwamba chakula kile kimefanyiwa utafiti.

“Kimefanyiwa na nani, na huyo alibeba nini?”

Kisha akamgeukia Bwana Nzuki, kwa upole, maana humpenda kama mwanawe. “Elvis, Jumatatu kunywa hiyo yako. Bakuli ngapi unataka. Halafu uchukue mkokoteni ya Ambrose. Ukifika saa nne ukiwa mzima, nitanyamaza, na hiyo barua mpelekeeni.”

Bwana Nzuki, kwa heshima yake, alikubali. Jumatatu alikula bakuli nne mbele ya mashahidi, akavaa glavu mpya, akaenda zamu ya Silanga, ambako njia ni ya kuteremka. Saa mbili alikuwa anaimba. Saa mbili na nusu aliacha. Saa tatu na dakika tano alionekana mbele ya mama mmoja anayeuza viazi vitamu karibu na bwawa, amechuchumaa, akila cha tatu pamoja na maganda. Mama yule alimuuliza kama ametoka hospitali. Alirudi yadi akisukumwa juu ya mkokoteni wake mwenyewe, akaingia ofisini na glavu zake, akaichana ile barua kabla ya mtu yeyote kumuuliza chochote. Hiyo haikuwemo kwenye ripoti, lakini niliiona.

Ripoti ilikuja baadaye, kurasa sitini, kutoka kwa wataalamu walioletwa na mfadhili kuchunguza kilichoharibika. Waligundua kwamba watu wanaofanya kazi nzito wanahitaji mizizi, nafaka nzima, njugu na mayai, vyote bila kupitia kiwandani, na kwamba vinaweza kuandaliwa haraka iwapo maandalizi yatafanywa siku iliyotangulia. Uvumbuzi huu ulipewa jina refu la Kiingereza. Bi. Nereah alialikwa kwenye mafunzo ya siku mbili kujifunza kuchachua uji. Alihudhuria. Aliuliza swali moja tu, kama ndoo ina mfuniko, na mwezeshaji akaliandika ubaoni. Alipewa cheti cha ushiriki, na jiko lake likafunguliwa tena.

Kutokana na mafunzo hayo yadi yetu ya pili, ya Kawangware, nayo ilipata jiko. Anayelisimamia ni Lenah Nasike, ambaye Bi. Nereah alimfundisha kila Jumamosi baada ya soko, bila semina. Lenah anagonga nduma kwa kidole. Ambrose sasa ni msimamizi wa zamu.

Nimeandika haya yote, na bado sijaandika nililotaka. Jumatatu iliyopita tulikuwa tukipanga sherehe hii, na mtu akauliza Bi. Nereah hupenda kula nini asubuhi. Hakuna aliyejua. Tuliulizana hadi Kawangware. Katika miaka ishirini na mitatu, kati ya watu wote aliowalisha, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona ameketi na sahani. Alikuwa anakunywa chai ya rangi amesimama, akihesabu vikombe vyetu.

Kwa hiyo leo alfajiri, alipofika kuwasha jiko, alikuta limewashwa. Ambrose alikuwa amekoroga uji, Bwana Nzuki amemenya mayai, mimi nimepanga nduma. Tulimvutia kiti. Alikataa mara mbili, kisha akaketi, na watu arobaini na wawili wakangoja wamesimama hadi amalize. Alichukua muda wake. Alisema uji una mabonge na nduma moja imelewa maji. Akala yote, akafuta mdomo kwa leso, akanyoosha kikombe aongezewe.

Asante, Mathe. Nenda salama Kianda, na kila kunapokucha, uketi kwanza.