Mwito wa Tatu wa Editha Tomasi

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mikumi, na ndugu zetu mlioondoka alfajiri kutoka Kilosa, Kimamba, Magole na Mamboya, familia inawaamkia, shikamooni wakubwa wetu, na inawaomba mtulie kidogo tuwasimulie maisha ya mama yetu na bibi yetu Editha Tomasi, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Abee, na huenda leo ndiyo mara ya kwanza kusikia jina hilo lilitoka wapi.

Editha alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika vilima vya Mamboya, wilaya ya Kilosa, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Tomasi na mama Magreti, wakulima wa mahindi, mtama na maharage, akabatizwa mwezi Desemba mwaka huohuo katika Kanisa la Anglikana, na mama yake alipenda kusimulia kwamba maji yalipomgusa mtoto hakulia, bali aligeuza shingo akamtazama mchungaji usoni, kama anayetaka kumuuliza hayo maji yametekwa kisima gani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 akamaliza la saba mwaka 1972, na alipokuwa darasa la tatu lilimpata jambo ambalo hakuliacha mpaka anaingia kaburini. Ilikuwa Jumatano tarehe 22 Mei 1968, nasi tunaijua tarehe kwa sababu aliiandika mwenyewe nyuma ya daftari lake la hesabu, na daftari hilo lipo. Mchana huo alikuwa peke yake juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, akiamia ndege wasile mtama, ndipo akasikia sauti ikiita, Editha, akageuka asione mtu, ikaita tena, Editha, kisha kukawa kimya kirefu hata ndege wakarudi kwenye masuke, halafu ikaita mara ya tatu, safari hii kwa upole na karibu kabisa na sikio.

Hakuitika. Wazee waliokulia milimani wanajua kwa nini, maana sisi sote tulilelewa tukiambiwa kwamba ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, funga mdomo, kwa kuwa ukiitika umekwenda naye, na Editha alikuwa mtoto msikivu, akafunga mdomo kwa mikono yote miwili mpaka jua lilipopungua nguvu.

Jumapili iliyofuata, tarehe 26 Mei, katekista Gabrieli akawafundisha watoto habari za Samweli, jinsi Mungu alivyomwita usiku hekaluni, naye akaitika, akawa nabii, na kabla hadithi haijaisha Editha alikuwa amesimama.

"Mwalimu, na kama Samweli asingeitika?"

"Mungu angemwita tena."

"Mara ngapi, mwalimu?"

"Kaa chini, Editha."

Alikaa, lakini moyo wake haukukaa tena. Mtama ulivunwa, yeye akaendelea kupanda kwenye dungu kila mchana, mpaka bibi yake akamuuliza, "Unaamia nini, mjukuu wangu, nasi mtama tumeshautia ghalani?" naye akaendelea kutazama shamba tupu, kwa sababu alikuwa amebeba hofu ambayo hakuweza kumwambia mtu, kwamba Mungu alimchagua kwa kazi fulani, akaja mwenyewe mpaka shambani kumwambia, na yeye akamnyamazia. Tangu hapo aliapa kwamba hataitwa tena akanyamaza, akawa anaitika Abee kwa kila mtu, Abee kwa mama, Abee kwa mwalimu, Abee mbuzi alipolia nyuma ya nyumba, wenzake wakamcheka wakampa jina, na jina likamshika.

Mwaka 1974 aliomba kujiunga na mafunzo ya wainjilisti katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja, na wazee wa usaili walipomuuliza aliitwa lini katika utumishi, alijibu ukweli mtupu, "Niliitwa tarehe 22 Mei 1968, ila sikuitika," wazee wakatazamana, mmoja akacheka mpaka akavua miwani, na jina lake halikutoka kati ya waliochaguliwa. Yeye hakuwalaumu, alisema hata angekuwa yeye ni msaili angecheka.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa kuwa mhudumu katika zahanati mjini Kilosa, kazi yake ikiwa kufagia, kupokea kadi za wagonjwa na kuwaita majina dirishani, na hapo ndipo alipokaa miaka arobaini na mmoja. Waliofanya kazi naye wanakumbuka kwamba kila jina aliliita mara tatu, wala hakubagua jina la mlimani, la bondeni, la Kiislamu au la wafugaji wa Rudewa, alimuuliza mwenyewe linavyotamkwa akalirudia mpaka mwenyewe acheke, na ikiwa baada ya mara tatu hakuna aliyeitika, hakuweka kadi chini kama wengine, alitoka nje kumtafuta mwenye jina. Muuguzi mkuu alimgombeza, "Mama Abee, asiyeitika si ameondoka?" naye akasema, "Dada, wapo watu wanaitwa na wanasikia, ila wanaogopa."

Mzee Abubakari wa Kimamba, aliyeketi pale mbele, anasema mwaka 1983 jina lake liliitwa mara tatu wakati yeye amelala nyuma ya choo cha zahanati, malaria imempanda kichwani, hajui hata yuko wapi, na mtu wa kwanza aliyemwona alipofumbua macho ni mwanamke ameshika ufagio mkono mmoja na kadi mkono wa pili, anamuuliza, "Wewe ndiye Abubakari? Mbona unanitesa?" Mzee huyu alimwambia baadaye kwamba kazi aliyoitiwa na Mungu bila shaka ni hiyo, na Editha akamjibu kwamba hiyo ni ajira, ina mshahara na barua, wito lazima uwe kitu kingine.

Akaendelea kuuliza. Aliwauliza wachungaji wanne kwa nyakati tofauti mtu atajuaje alichoitiwa, mmoja akamwambia afunge na kuomba, mmoja akamwambia ajiunge na kwaya, na kwaya ikamrudisha kwa heshima baada ya wiki mbili, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya kuita, haikuwa ya kuimba. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yalipowakimbiza watu wa Kilosa kutoka nyumbani kwao, alizunguka kwenye mahema na orodha mkononi, akiwaita waliopotezana na watu wao, sauti ikamkauka kwa wiki nzima, na aliporudi nyumbani alimwambia mwanawe Bibiana kwa kunong'ona kwamba bado anajiuliza Mungu alitaka afanye nini.

Kuhusu ndoa, Editha alifunga ndoa takatifu tarehe 8 Septemba 1979 na marehemu Lucas Wenceslaus, fundi wa njia ya reli, ambaye alizoea kuwaambia watu kwamba yeye hakupata shida ya kuposa, alisimama mlangoni akaita, "Editha," akajibiwa, "Abee, nakuja," kabla hajasema anataka nini. Walijaliwa watoto wanne, Theodory, Bibiana, Alex na Paulina, ambaye Bwana alimchukua akiwa na miezi minane mwaka 1990, na Lucas naye alifariki tarehe 19 Agosti 2004. Editha ameacha watoto watatu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia ilijadiliana kama lisomwe, na mhusika mwenyewe, mzee Makarius, akasema lisomwe. Mzee Makarius ni mtoto wa mjomba wake Editha, na kwa desturi yetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, anakusema mbele za watu na huna pa kushtaki, lakini pia neno lake huwezi kulishika, maana hujui lini anatania na lini anasema kweli. Tarehe 24 Machi 2017 zahanati ilimwandalia Editha sherehe ya kustaafu, mganga mkuu akamsifu kwamba alikuwa na wito, na neno hilo lilipotajwa tu, Makarius akasimama na chupa yake ya soda.

"Wito gani? Aliyemwita ni mimi! Nilijificha kwenye mtama, nikamwita huyu ili aitike nimcheke kwamba ameitika jini. Miaka arobaini na tisa anamsingizia Mungu!"

Ukumbi mzima ulicheka, watoto wake hawakucheka, kwa sababu walimwona mama yao ameweka kijiko mezani. Maisha yake yote alikuwa ameyajenga juu ya mchana ule, na sasa mtu amesimama na soda anamwambia kwamba hakuna aliyemchagua. Akamgeukia, akauliza kwa sauti ileile ya dirishani.

"Makarius. Uliita mara ngapi?"

"Mbili. Ulivyokaa kimya nikajua umekufa kwa hofu, nikakimbia mpaka mtoni."

"Una hakika?"

"Mbili, wee! Ningekaa ya tatu nikamatwe?"

"Basi mbili zako chukua," Editha akasema, akaokota kijiko chake. "Mimi nilisikia tatu."

Makarius akaketi, na waliokuwepo wanasema hakuinywa tena soda ile. Baadaye tulimuuliza mara nyingi kama alitania au alisema kweli, akatujibu kila mara kwa namna nyingine, lakini idadi hakuibadilisha, ilibaki mbili.

Baada ya kustaafu Editha alihamia hapa Mikumi kwa binti yake Bibiana, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, na majirani mnajua alivyokaa pale nje akiwaitikia madereva wa malori waliokuwa wakimwita mhudumu. Mwezi Novemba 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, vipimo vya Morogoro vikaonyesha moyo umetanuka, akatumia dawa kwa uaminifu, na mjukuu wake Imani, aliyekuwa ameachia shule kidato cha pili, ndiye aliyekaa naye usiku na mchana. Imani alimuuliza siku moja kama ameshajua alichoitiwa, bibi akafikiri mpaka uji ukapoa, akasema, "Sijajua. Nikifika nitauliza."

Tarehe 5 Juni 2025 alilazwa hospitali hapa Mikumi, na mzee Makarius akaja kutoka Mamboya na fimbo yake, akakaa kando ya kitanda siku zote, akimwambia afanye haraka kupona kwa sababu chakula cha hospitali hakimpendezi. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Juni, saa kumi na mbili na nusu, madirisha yamefunguliwa, wodi imetulia na wagonjwa wengine bado wamelala, Editha aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akatazama upande ambao hapakuwa na mtu, akasema, "Abee." Alisema mara moja tu, wala hakusema kwa woga. Imani akamgeukia babu yake Makarius kwa hasira, akidhani ni utani wake wa siku zote, akamkuta mzee amevua kofia, ameishika kifuani.

"Safari hii si mimi," Makarius akasema. "Mjukuu wangu, nakuapia, si mimi."

Editha akalaza kichwa, na hakukiinua tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa Mikumi na Morogoro, inawashukuru watumishi wa zahanati ya Kilosa waliokuja leo na kadi ya mwisho aliyoiita mikononi mwao, inawashukuru mzee Abubakari na watu wa Kimamba, majirani wa mtaa huu mliopika na kuteka maji tangu Alhamisi, Umoja wa Akina Mama, na Mchungaji ambaye ni wa tano kuulizwa lile swali na wa kwanza kumwambia kwamba hajui. Mzee Makarius ameomba kutupa udongo wa kwanza, na watani hawakatazwi.

Mama Abee, umeitwa, na mara hii tumekusikia wenyewe ukiitika. Ukishauliza, na ukishajibiwa, pumzika kwa amani.