Yunisi Msukwa na Trela la Boti ya Msangano

Wasikilizaji wapendwa, mlio Vwawa, mlio Igamba, mlio Itumba, na ninyi mlio ndani ya malori kwenye foleni ya Tunduma mkisubiri kuvuka mpaka, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Anyitike Kalinga. Leo tunamkumbuka Yunisi Msukwa.

Yunisi Msukwa, fundi wa kuchomelea vyuma. Amefariki mwezi uliopita nyumbani kwa kaka yake, Ikinga, wilayani Ileje. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kifua kilimsumbua kwa muda mrefu.

Nimekaa kwenye kiti hiki nikisimulia maisha ya watu wengi. Huyu bado ananishangaza. Nimekwenda mpaka Ikinga kuzungumza na ndugu zake.

Yunisi alizaliwa hukohuko Ikinga, kwenye vilima vya kahawa. Baba yake, mzee Amoni, ndiye aliyekuwa akitengeneza mashine za kumenyea kahawa za majirani. Mdogo wake Yunisi, Bi Anna, anakumbuka hivi: "Baba akiita mtu amshikie spana, sisi wengine tunajificha. Yunisi anakimbia. Mama alikuwa anasema huyu mtoto ananuka grisi kuliko sabuni."

Akiwa binti, alikwenda Tunduma kuishi na shangazi yake. Alianza kwa kuchomelea nondo za madirisha. Baadaye malori. Wanaoijua Tunduma wanajua: lori likikaa kwenye foleni siku nyingi, dereva anapata muda wa kuona nyufa za trela lake. Basi wanamtafuta Yunisi. Madereva wa Zambia walimwita Bamayo, yaani mama. Walikuwa wakipiga kelele kutoka dirishani, "Bamayo, njoo uone huku chini!" Naye anaingia uvunguni na miwani yake ya giza, anatoka amejaa vumbi, anasema limepona.

Malori aliyajua. Boti, wasikilizaji wapendwa, Yunisi hakuwa amewahi kuiona kwa macho yake. Mtu wa vilimani. Alikuwa hajui hata kuogelea.

Sasa anaingia Bwana Aziz Shaban. Aziz ni msafirishaji wa mizigo hapo Tunduma, lakini alikulia Ujiji, kandokando ya ziwa. Ni mtu wa maji aliyeishia nchi kavu. Miaka michache iliyopita aliona boti ndogo ya alumini inauzwa ng'ambo ya mpaka. Akainunua. Alitaka awe anakwenda nayo Ziwa Rukwa kuvua, apumzishe akili. Boti ikaja juu ya lori. Mbali na boti hiyo, Aziz akapata trela la boti, la zamani, lililokuwa limelala kwenye yadi ya mtu.

Tatizo lilikuwa hili. Trela lile lilitengenezwa kwa boti kubwa ya fiba, yenye tumbo lililochongoka. Boti ya Aziz ilikuwa ndogo, nyepesi, bapa chini. Ukiiweka juu ya trela lile, inakalia vigurudumu vya mpira vya katikati tu, inayumba huku na huku. Na bati lake ni jembamba. Safari moja tu ya barabara ya mashimo, lingebonyea kama sufuria iliyoanguka.

Bwana Aziz ananiambia alimfuata Yunisi karakanani kwake.

"Nikamwambia, dada Yunisi, nina boti. Akaniambia, mimi sijawahi kuona boti. Nikamwambia, sasa njoo uione. Akaizunguka. Akaigonga kwa kidole. Akaniuliza, inapokaa majini, inalalia wapi? Nikamwambia, inalalia kote, maji yanaishika kote. Akainama akaitazama chini. Halafu akasema, basi na trela liishike kote."

Nilimwomba Bwana Aziz arudie maneno hayo. Basi na trela liishike kote.

Jirani yake alikuwa anajenga. Kulikuwa na lundo la mchanga. Yunisi akaomba, akautandaza chini, akaulowesha kwa ndoo za maji, akaulainisha kwa ubao. Kisha akawaita vijana wa karakana waibebe ile boti waiweke juu ya mchanga, polepole, halafu waiinue tena, polepole. Mchanga ukabaki na umbo la boti. Mahali palipozama sana ndipo penye uzito. Mahali palipoguswa kidogo ndipo penye wepesi. Yunisi akapiga magoti pale, akapima kwa kamba na kipande cha chaki, watu wa foleni wamesimama wanatazama. Hakuna aliyecheka, Aziz anasema. Walipokuja walikuja kucheka, lakini walipoona mchanga ule wakasogea karibu.

Aling'oa vigurudumu vya katikati. Mahali pake akaweka mbao mbili ndefu za mninga, kila upande moja, zimelala kwa mteremko uleule aliousoma kwenye mchanga. Akataka zulia la kuzivika, ili bati lisikwaruzwe. Aziz akakimbia nyumbani.

Mkewe, Bi Mariam, anaichukua hadithi hapo: "Narudi kutoka sokoni, nakuta sebule yangu iko tupu. Namuuliza mume wangu, zulia liko wapi? Ananiambia, nimempa Yunisi, anaivika boti. Nikavaa baibui nikaenda huko karakana kugombana. Nikamkuta yule mama chini ya trela, uso umejaa masizi. Akaniambia, shemeji, samahani, limeshakatwa. Nilishindwa kugomba. Nilikaa nikamshikia msumari."

Kisha wakalijaribu. Wakafunga injini nyuma ya boti, wakaunga trela kwenye pikapu ya Aziz, wakatoka barabarani. Trela likatikisa mkia kama ng'ombe mwenye nzi. Injini iko nyuma, uzito wote umekwenda nyuma, shingo ya trela, pale linapoungwa na gari, inataka kuinuka. Aziz alisema inatosha, tutakwenda taratibu. Yunisi alikataa. Alikata ekseli nzima, akairudisha nyuma, akachomelea upya. Akapunguza vyuma vya springi, kwa sababu vilikuwa vigumu mno kwa boti nyepesi, vingeirusharusha. Kila mara anainua shingo ya trela kwa mkono wake, anaipima, anaiteremsha, anasogeza tena. Mpaka mtu mmoja akaweza kuishika shingo ile na kulisukuma trela, boti na injini vikiwa juu, akazunguka nalo uwanja mzima.

Kazi ikaisha. Boti ikafunikwa turubai. Aziz akasubiri nafasi ya kwenda kuvua.

Hakwenda kuvua.

Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Upande wa chini wa Msangano, kule bondeni, mto ulipasua kingo. Mashamba ya mpunga na ufuta yakawa ziwa. Kitongoji kimoja kikabaki katikati ya maji, watu wako juu ya ghala la ufuta na juu ya vichuguu. Simu zilipigwa hapa redioni. Barabara zilikuwa zimekatika, msaada ulikuwa unatoka mbali. Aziz aliisikia taarifa hiyo akiwa kwa kinyozi. Aliondoka nywele zikiwa nusu.

Yunisi alikuwa ameshafika kwenye pikapu kabla yake. Amepakia jenereta na mashine ya kuchomelea.

"Wewe unakwenda wapi?" Aziz alimuuliza.

"Trela ni langu. Likivunjika njiani utalichomelea wewe?"

Waliteremka kwenda bondeni. Barabara ile ukiijua kiangazi huwezi kuijua wakati wa mvua. Mawe, makorongo, matope ya kumeza gurudumu. Aziz anasema kila alipotazama kioo aliiona boti imetulia pale nyuma kama mtoto aliyelala mgongoni. Boti haikugonga. Trela halikuyumba.

Kabla ya kufika majini, kalavati lilikuwa limesombwa. Magari yamesimama hapo, watu wamesimama hapo. Pikapu haikuweza kupita. Yunisi akalifungua trela kutoka kwenye gari. Akaishika shingo. Kina mama waliokuwa wamesimama pale wakafunga vitenge viunoni, wanaume wakavua viatu, wakaingia kwenye korongo nalo, wakapanda ng'ambo ya pili nalo. Boti, injini, trela, kwa mikono. Na baada ya hapo wakalivuta matopeni mwendo mrefu mpaka kwenye maji. Mmoja wa waliovuta aliniambia, "Tulidhani tutakufa kwa uzito. Likaja kama toroli."

Wakaliingiza trela majini kinyumenyume. Boti ikateleza juu ya zulia la Bi Mariam, ikaelea.

Aziz akakaa kwenye injini. Akasema anahitaji mtu mbele wa kumwonyesha visiki na nyaya za uzio chini ya maji. Watu wakatazamana. Yunisi akapanda.

Bi Anna aliwahi kumuuliza dada yake ilikuwaje. Alimjibu hivi: "Nilishika ukingo mpaka vidole vikafa ganzi. Nikafumba macho. Halafu nikakumbuka nimewekwa pale niangalie, nikayafumbua."

Walikwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Watoto kwanza. Juu ya ghala alikuwepo mzee Enoka Sichalwe, ambaye aliigonga ile boti kwa fimbo yake na kukataa kushuka.

"Shikamoo, mzee," Yunisi alimwambia.

"Marahaba. Hii ni sufuria. Mimi siingii kwenye sufuria."

"Mzee, tumbo lake nimelipima mwenyewe. Itakubeba."

"Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

Mzee akamtazama. "Hujui, na umekuja mpaka hapa?"

"Nimekuja, mzee."

"Basi nipe mkono."

Watu wote waliokuwa juu ya ghala lile walitoka. Watu wote waliokuwa juu ya vichuguu walitoka. Wote waliokuwa hai boti ilipofika, walitoka wakiwa hai.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, hatuwezi kusimulia nusu. Kuna mtu mmoja ambaye boti haikumkuta. Shadrack, kijana mwenye familia, alijaribu kuogelea asubuhi ile ili alete msaada. Maji yalimchukua mbele ya mkewe, Recho, aliyekuwa juu ya kichuguu na mtoto mchanga kifuani.

Recho mwenyewe alikubali nirekodi maneno yake. Anasema: "Waliponifikisha nchi kavu, watu walikuwa wanaimba. Mimi nilimwendea yule mama nikamshika gauni. Nikamwambia, mbona mmechelewa? Mbona mmechelewa? Sikumshukuru. Nilimtukana. Angeweza kuniambia barabara imekatika. Angeweza kusema wametoka Tunduma, wamevuta trela kwa mikono. Hakusema. Alikaa na mimi kwenye matope. Alilia kuliko mimi."

Aziz hakuirudisha boti Tunduma. Aliwaachia watu wa kitongoji kile, pamoja na trela lake. Na kila mwaka mvua zikikaribia, Yunisi alikuwa akishuka Msangano. Anatia grisi kwenye magurudumu, anabadilisha mbao zilizooza, anainua shingo kwa mkono kuipima. Siku hizo analala kwa Recho. Mwaka wa kwanza, Recho anasema, walikula bila kuzungumza. Mwaka wa pili walizungumza. Baadaye Recho akamwomba amfundishe kulitunza trela mwenyewe.

Leo Recho ndiye anayelitunza. Nimeuliza kama boti bado inafanya kazi. Msimu uliopita imevusha wajawazito kwenda zahanati. Imevusha mbegu. Imevusha mwalimu mgeni na godoro lake.

Yunisi aliugua akiwa Tunduma. Pumzi ilipozidi kuwa fupi, kaka yake, mzee Yesaya, alikuja kumchukua. "Hakutaka kulazwa chumbani," mzee Yesaya anasema. "Alitaka kukaa nje, penye jua, kwenye miti ya kahawa. Akanituma nimrudishie fundi mwenzake wa karakana salamu zake; kulipa salamu, ndivyo alivyosema. Asubuhi moja nikampelekea uji. Nikakuta ameshapumzika."

Siku ya maziko Bwana Aziz na Bi Mariam walipanda vilima vya Ikinga. Wachungaji waliomba, na Aziz alisimama nyuma akiomba kwa namna yake. Madereva wawili wa Zambia waliacha malori yao kwenye foleni wakaja. Mzee Enoka alikuwa hawezi safari, lakini aliwatuma wanawe wote. Na Recho alipopewa nafasi ya kusema alisogea mbele. Kisha akasema jambo moja: kwamba siku ile alipouliza mbona mmechelewa, hakuwa anamuuliza Yunisi, ulikuwa ni uchungu wa kumpoteza Shadrack, na kwamba Yunisi alilijua hilo kabla yeye mwenyewe hajalijua. Akarudi kukaa.

Kwa niaba ya wote mnaotusikiliza, tunatoa pole. Pole mzee Yesaya. Pole Bi Anna. Pole mafundi wa karakana ya Yunisi, pole Bwana Aziz na Bi Mariam, pole Recho na watu wote wa Msangano. Mungu ampe pumziko jema.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo dogo. Mfikirie mtu mmoja ambaye kazi ya mikono yake imekushika wewe, na hujawahi kumwambia. Huenda anakaa mtaa wa pili. Huenda namba yake unayo hapo kwenye simu. Kama bado yuko hai, zima redio umpigie. Hatutakasirika.