Abednego Mwasulama, Fundi wa Silaha Aliyekwama Guangzhou

Mchungaji, viongozi wa Watanzania wa Guangzhou, ndugu zetu Waislamu mliokaa nasi tangu asubuhi, na ninyi wa Tukuyu mnaosikiliza kwa simu iliyowekwa hapa mezani, familia imempa Benedicta, dada mkubwa wa marehemu, muuza nguo mnayemwona kila siku kule soko la Liuhua, kazi ya kusoma maisha ya mdogo wake, na kwa kuwa Benedicta hajawahi kusifiwa kwa upole, anaomba mapema mumvumilie, maana yapo maneno yaliyosemwa juu ya marehemu kwa miaka karibu saba, kwamba kaoa Mchina, kwamba kamtelekeza mkewe, kwamba pesa zimemlevya akasahau kwao, na leo yatajibiwa yote, mkewe akiwa anasikia.

Marehemu Abednego Mwasulama alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika kijiji kilicho juu kidogo ya mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Ambakisye Mwasulama, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na mama Tumpe, mkulima wa ndizi na mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Tangu utoto alikuwa mtu wa kujaribu komeo, ukimwambia banda la kuku limefungwa anaitikia vizuri kwa adabu, kisha anakwenda mwenyewe kulivuta, na tabia hiyo iliwachosha wengi nyumbani, Benedicta akiwa wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na masomo ya sekondari mjini Mbeya, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, na tarehe 3 Februari 1986 alijiunga na Jeshi la Polisi, akapata mafunzo ya awali Moshi, kisha akachaguliwa kwenda kozi ya ufundi wa silaha. Kuanzia mwaka 1988 hadi alipostaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2013, akiwa na cheo cha Sajini Meja, alifanya kazi katika maghala ya silaha ya Dodoma, Iringa na Mbeya, na huko ndiko bastola za viwanda vya nchi mbalimbali zilipopita mikononi mwake, akazifungua, akazifunga na kuzijaribu uwanjani kwenye vumbi na kwenye mvua.

Waliokaa naye wanajua kwamba bastola alizizungumzia kama mtu anavyozungumzia wakwe, kwamba Mwaustria hana maneno mengi na hasusi kazi, Mcheki ni mzito kumbeba lakini siku ya shida yupo, Mwitaliano ana sura nzuri na anataka kupanguswa kila siku, Mbrazili ni wa bei nafuu na ukishamjua tabia utaishi naye, na Mchina wa zamani hana umbo wala raha ya kushika, ila mfukie mchangani, mkung'ute, atalia tu. Wakubwa wake walipomtaka aseme kwa neno moja ipi ni bora, hakusema, badala yake aliwauliza springi ya akiba wataipata wapi, kwa kuwa kwake yeye thamani ya bastola haikuwa ile iliyoandikwa kwenye risiti, ilikuwa kama siku ikichoka utaitengeneza Mbeya au utasubiri meli kutoka Ulaya, na bastola inayosubiri meli, alisema, hata iwe ya bei gani, ni nyundo.

Mwaka 2011, Konstebo Kasmir, kijana wa Songea aliyekuwa akimwita Abednego baba, aliruka kutoka gari la doria, bastola ikachomoka kwenye ala ya kiunoni, ikagonga lami, ikalia, na risasi ikampita pajani. Kasmir alipona, anachechemea hadi leo, ila Abednego hakupona kwa haraka hivyo, kwani aliifungua ile bastola kipande kwa kipande akakuta ni ya muundo wa zamani ambao kila fundi anajua ukianguka unaweza kulia, na kosa lilikuwa ni kuiacha ianguke, ala yenyewe ikiwa kitambaa kilichoshonwa mara mbili. Kuanzia hapo akawa anasema kwamba watu wanabishana miaka yote kuhusu kiwanda kipi kinaaminika, halafu wanakichukua kiwanda hicho chote na kukitia kwenye mfuko wa njugu.

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa takatifu na Kissa, binti wa mzee Mwakatobe wa Kyela, katika kanisa la Moravian huko Rungwe, na Mungu akawajalia watoto watatu, Eliakimu aliyezaliwa mwaka 1991, Agape mwaka 1994 na Dorothea mwaka 1999, na ameacha wajukuu wanne, ambao yeye hakuwahi kumpakata hata mmoja.

Baada ya kustaafu alianza kuyauzia makampuni ya ulinzi sare, mikanda, buti na ala za bastola, akafika Guangzhou kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2014 kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, na tangu hapo akawa anakuja mara mbili kwa mwaka, wakati wa maonyesho. Ala alizitengenezesha mtaa wa Sanyuanli, katika karakana ya mzee Huang, fundi wa ngozi ambaye sote tunamwita laoban, yaani bosi, ingawa bosi mwenyewe alikuwa na wafanyakazi wawili na mmoja wao alikuwa shemeji yake. Kila bastola ina umbo lake, ala ya Mcheki haimshiki Mwaustria, kwa hiyo fundi huloweka ngozi, akaivuta juu ya mfano wa bastola, ikikauka imelishika umbo lile, na mifano hiyo kwa kawaida ni ya plastiki, myepesi, ya rangi ya kuchekesha.

Abednego aliikataa plastiki. Alisema ala inayoshika plastiki itaachia chuma, kama ilivyoachia kwa Kasmir, akamtaka laoban Huang amwagizie kwa mtu wa kumimina chuma mifano mitano yenye uzito wa bastola kamili, isiyo na tundu la mtutu wala triga inayosogea, ili kila ala itikiswe na kurukishwa kwanza ikiwa na uzito wa kweli, na laoban alimwambia mara mbili, mbele ya Benedicta aliyekuwa akiwatafsiria, kwamba plastiki inatosha, rafiki yangu, plastiki haina matatizo, naye akatikisa kichwa. Hapa Benedicta hamtetei, mtu aliyekula kiapo cha jeshi miaka ishirini na saba alipaswa kuuliza mwiko wa nchi ya watu kabla ya kuagiza chuma chenye sura ya silaha, lakini ndugu yetu alikuwa mtu wa komeo, akiwaza usalama wa paja la mtu hawazi lingine.

Mwezi Oktoba 2018 mifano ile ilikutwa na polisi karakanani, laoban akachukuliwa kwa mahojiano, na tarehe 9 Novemba 2018 Abednego, mabegi yakiwa yameshapimwa na zawadi ya Dorothea ikiwa mkononi, aliambiwa kwenye dirisha la uhamiaji kwamba jina lake limo katika kesi ya silaha za bandia, na kwamba hataruhusiwa kutoka nchini mpaka kesi hiyo iishe.

Hakufungwa jela, na hilo ndilo lililowafanya watu wasielewe, kwa sababu mtu mnamwona anakula, anatembea, anatuma salamu, mnajiuliza kwa nini harudi. Alipanga chumba ghorofa ya tano Sanyuanli, akapata kazi ya kufunga mizigo katika ofisi ya kago ya Zubeir, Mzanzibari huyu aliyekaa hapa mbele, na siku nzima alizungusha selotepu kwenye marobota ya wengine na kuyaandika kwa rangi nyeusi Dar es Salaam, Dar es Salaam, Dar es Salaam, hadi vidole vikawa vyeusi, kisha yanaondoka, anabaki. Jioni vijana walimkusanyikia kumuuliza bastola ipi kiboko, katika mji ambao hakuna hata mmoja wao atakayeigusa, Zubeir akishikilia kwamba cha ghali ndicho bora na marehemu akimwuliza springi ataipata wapi, wakacheka, na Benedicta akawa anaona jinsi mdogo wake anavyochelewa kuamka kwenye kile kigoda, kwa sababu akiamka anakwenda kwenye chumba.

Mama Tumpe alifariki tarehe 11 Juni 2020, anga likiwa limefungwa kwa ajili ya Uviko, na watoto wake wawili walimzika kupitia simu, wamesimama katikati ya marobota, Zubeir amesimamisha kazi ofisi nzima, na Abednego hakulia mpaka simu ilipokatika, ndipo alipoketi juu ya mzigo wa mtu akalia hadi karatasi ya juu ikalowa.

Sasa Kissa, wifi, sikiliza hili, na Eliakimu umshike mama yako mkono. Mwezi Machi 2021 wakili aliyekodishwa alimweleza Abednego kwamba njia ipo, aandike maelezo kuwa mifano ya chuma ilikuwa wazo la Huang, kwamba yeye mgeni aliletewa tu akaikuta mezani, na kwa maelezo hayo angekuwa shahidi, na shahidi mgeni angeweza kuruhusiwa kwenda kwao katika muda wa wiki chache, wakati mzigo wote ungemwangukia laoban, mzee wa miaka sitini na tisa. Benedicta alipiga magoti kwenye sakafu ya kile chumba, na umri huu, akamwomba asaini, akamtajia watoto, akamtajia kaburi la mama ambalo hajaliona, akamtajia wewe, na yeye akajibu kwa sauti ya kawaida kwamba Huang alimwambia plastiki inatosha, yeye ndiye aliyekataa, na kwamba haoni namna ya kuliandika hilo likawa vingine.

Akaandika ukweli, kwamba chuma ni chake, uzito ni wake na sababu ni yake. Laoban aliachiwa kwa onyo mwaka 2022, akafungua tena karakana, na Abednego, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwenye kesi, akabaki. Benedicta alimwita mpumbavu siku ile na hajalifuta neno hilo, wala hatalifuta leo kwa sababu tu jeneza limefungwa, lakini alimwapia kwamba hatamwambia Kissa, kwa kuwa marehemu alisema mkewe akijua atalazimika ama kumruhusu au kumlaumu, na hakutaka kumbebesha lolote kati ya hayo akiwa mbali naye.

Dorothea aliolewa tarehe 2 Septemba 2023 akishikwa mkono na baba yake mdogo. Mwezi Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali moja ya hapa mjini, laoban Huang akimsindikiza kila alipokwenda, na tarehe 22 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 59, Abednego alifariki dunia.

Kwa hiyo wifi, sasa umejua, mumeo hakukuacha kwa ajili ya mwanamke, alikuacha kwa ajili ya mzee wa ngozi asiyejua Tukuyu iko upande gani wa dunia, na kama unaona afadhali angekuwa mwanamke, maana angalau ungepata wa kumtukana, haki unayo, familia haitakupangia namna ya kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa ya tano waliombebea maji alipoishiwa nguvu, Zubeir na wafanyakazi wenzake wa kago ambao hawakumkata mshahara kwa siku hata moja aliyolala hospitali, makanisa na msikiti, na laoban Huang, ambaye haelewi neno hata moja la haya yanayosomwa, ameketi pale tangu asubuhi kichwa chini, na Benedicta, aliyemchukia miaka minne, anamshukuru kwa supu alizompikia mdogo wake.

Kibali cha kumsafirisha kilitoka juzi. Ataondoka Jumanne tarehe 3 Juni na atazikwa Jumamosi tarehe 7 Juni, kando ya mama. Haya Abednego, wamekuruhusu, twende nyumbani ukapumzike kwa amani.