Viatu Vilivyolala Ghalani

Uvumi kwamba kiwanda cha viatu kinayumba ulimganda mama tangu Jumapili, kwa sababu binti yake alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi ya kufua mashuka hospitalini ili ahamie kiwandani huko. Asubuhi hiyo, ndani ya treni, abiria wawili mbele yake wakakitaja kiwanda hicho hicho. Akatega sikio huku akijifanya anasinzia.

“Achana na maneno ya mitaani, dada,” alisema mwanamume mwenye mkoba. “Hesabu zao nimezisoma mwenyewe. Kwa kila mia wanayodaiwa mwaka huu, wana mali ya mia mbili ya kugeuzwa pesa mwaka huu huu. Hiyo ni afya!”

Mwanamke akapiga miayo. “Na mali yenyewe ni nini, kaka yangu? Mimi ndiye mtunza ghala. Ni viatu vya mtindo wa mwaka juzi, vimeota ukungu. Mshahara wa mwezi uliopita tunausikia tu.”

“Lakini uwiano ni mbili kwa moja!”

“Basi kamlipe mwenye nyumba wangu kwa uwiano.”

Mama alicheka, kisha akakumbuka kwamba binti yake naye amepanga nyumba. Treni ikasimama, wale wawili wakashuka wakibishana, naye akatoa simu akaandika:

“Mwanangu, usipeleke barua leo. Usiamini mbili kwa moja kabla hujauliza hizo mbili ni nini. Usihesabu kiatu kisichouzika kuwa pesa. Na usiniambie nimesikia vibaya, mtunza ghala mwenyewe kasema.”