Muuguzi Ephrasia na Hofu ya Maji

Tarehe 30 Juni mwaka huu Muuguzi Ephrasia Kapinga anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alianzia Mbinga mjini katika wodi ya wazazi, akasomea afya ya akili, kisha akahamishiwa kituo chetu cha afya hapa Lituhi, huku chini kando ya ziwa, ambako wengi hatukujua kwamba wasiwasi nao una muuguzi wake.

Ni Mmatengo wa milimani. Kula samaki alikula vizuri tu, ila ziwa alilitazama kwa mbali. Wavuvi walimtania, "Sista, maji haya hayang'ati!" Naye akawajibu, "Nayaamini sana nikiwa huku juu."

Mwaka juzi mume wangu Meshack alizama ziwani. Baada ya matanga, binti yetu Edina akashindwa kupita ufukweni, na njia ya shule ni hiyo. Shangazi zake wakamwonea huruma, wakawa wanamzungusha kupitia mashambani. Hofu ikazidi. Mawimbi yakisikika darasani anatetemeka, mwisho akagoma kabisa kutoka nyumbani, na mtihani wa darasa la saba unakaribia. Ukoo ukasema kairithi laana ya bibi yake, aliyekuwa mwoga vilevile. Apelekwe kwa mganga.

Ephrasia alikuja akakaa nasi jikoni, kwenye mkeka. Alisema kurithi kupo, ila laana hakuna. Katika ubongo zipo seli zinazohusika na kujifunza hofu, na vinasaba vilivyomo ndani yake havifanani kwa watu wote. Kwa wengine hofu hushika upesi na kuachia polepole. Hata hivyo, ubongo uliojifunza kuogopa unaweza kujifunza pia kwamba sasa ni salama, ukipewa nafasi. Sisi kwa kumzungusha mtoto tulikuwa tunaunyima nafasi hiyo.

Basi kila jioni akawa anakwenda na Edina kuanua usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye vichanja. Walianza na vichanja vya juu karibu na nyumba, wakasogea kidogo kidogo kuelekea majini. Ephrasia alianua vibaya, anamwaga nusu, akina mama wakacheka. Edina naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku walipofika majini mtoto aliganda.

"Hata mimi naogopa, mwanangu," Ephrasia akamwambia. "Nishike mkono, tuogope wote."

Wakasimama hapo, viatu vyake vyeupe vya kazi vimelowa chapachapa, mpaka mtetemeko ukaisha.

Edina alifanya mtihani, na sasa yuko sekondari. Anasema moyo bado unamdunda akiyaona maji, ila miguu inakwenda.

Dada Ephrasia, kituo kizima kinakushukuru. Nenda kapumzike, uione kahawa yako ya kule milimani ikiiva, Mungu akujalie afya na miaka ya utulivu. Ukitukumbuka, shuka. Edina atakuja kukupokea stendi, na atapita njia ya ufukweni.