Askofu Aliyebisha Hodi kwa Shemeji Yake

Waheshimiwa Maaskofu, mapadre, masista, majirani, na nyinyi mliokosa nafasi mkasimama nje madirishani, poleni kwa msiba huu ambao ni wetu sote. Familia imemwachia dada mkubwa wa marehemu aeleze maisha yake, kwa sababu ndiye aliyembeba mgongoni, na haya tunayowasomea ni maneno yake kama alivyoyatoa mwenyewe.

Baba Askofu alizaliwa tarehe 9 Juni 1938, mtoto wa tatu kati ya wanne wa fundi seremala na mkewe mkulima, katika nyumba iliyopakana na karakana ya baba, watoto wakilala na kuamka na harufu ya mbao. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na alipoanza kusema neno alilolishika ni "ngoja kwanza", akiitwa kula, ngoja kwanza, akiitwa kuoga, ngoja kwanza, mpaka mama akasema, "Huyu hata siku ya kufa atamwambia Mungu angoje." Jina likamganda hapo hapo, Ngoja Kwanza, na hata alipokuja kuvaa kofia ya uaskofu, nyumbani hakuna aliyemwita vingine.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1946, akajiunga na seminari ndogo mwaka 1954, kisha seminari kuu, alikosoma falsafa na teolojia, na likizo alirudi karakanani kupiga randa na baba. Alipewa daraja la upadri Jumapili tarehe 11 Agosti 1968, akawa paroko msaidizi, akafundisha seminari, akawa paroko, na tarehe 6 Septemba 1987 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa jimbo hili. Ndoa hakufunga, watoto hakuzaa, na mama alilipokea hilo kwa shida, akawa anasema, "Nimezaa Baba wa watu wote, na mjukuu hata mmoja hajaniletea."

Katika kazi yake hakuwa mtu wa makelele, watu walimjia wanachemka, huyu na ugomvi wa shamba, yule na kijana wake mlevi, naye akawaambia, "Ngoja kwanza, kaa, kunywa maji," na wengi walipomaliza maji walikuwa wameshajijibu. Wakubwa wa siasa walipotaka kusalimia waamini kabla ya baraka, aliwaambia kwa upole ule ule, "Ngojeni kwanza tumalize, salamu mtazitoa nje, kule kuna hewa."

Lakini ipo siku moja hakungoja, na kaka mkubwa wa marehemu, aliyekaa pale karibu na jeneza, ametuomba mwenyewe kwamba tusiiruke.

Mwezi Novemba mwaka 1993 mdogo wetu wa mwisho, dereva wa lori, alifariki kwa ajali, akamwacha mjane na binti mchanga. Kabla machozi hayajakauka, kaka mkubwa alichukua ufunguo wa nyumba ya marehemu, vyombo vya mjane vikatolewa uani, ndani vikaingia mifuko ya saruji ya biashara yake, na mjane akaenda kupanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, alikopata kibarua cha kupakia unga. Askofu hakuambiwa. Kila alipouliza habari za shemeji yake alijibiwa, "Hajambo, amekwenda kupumzika kwao," na mjane mwenyewe alinyamaza, akiona haya kuwashtaki ndugu kwa ndugu yao.

Jumapili ya pili ya Kwaresima, tarehe 27 Februari 1994, barua ya kichungaji ya Askofu ilisomwa parokia zote, ikisema Mkristo anayemtoa mjane nyumbani mwake asisogee kwenye Komunyo mpaka amrudishe. Pale parokiani kwetu mjane alikuwa benchi la nyuma, kaka mkubwa benchi la mbele, na misa ilipokwisha wauza mboga pale getini walicheka wazi wazi, "Askofu anafagia kwa majirani, kwao hajaona taka!" Kaka mkubwa akawajibu, "Huyo ni Askofu huko kwenu, kwangu ni mdogo wangu, kamasi nimemfuta mimi."

Katekista hakuvumilia, akampigia Askofu simu, na Jumatano asubuhi pikapu yake kuukuu ikasimama mbele ya nyumba ya yule mdogo wetu. Hakupita kwa mama kwanza kama desturi yake, alikwenda moja kwa moja mlangoni, akabisha hodi.

"Pita, mlango uko wazi!" kaka mkubwa akaitikia kutoka ndani.

"Namtaka mwenye nyumba," akasema Askofu.

"Mwenye nyumba ndiye mimi."

"Basi nitakaa hapa mpaka aje."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango na kanzu yake nyeupe, jua likapanda, majirani wakajazana kwenye ua. Mama akaletewa habari, akaja na kiti na kikombe cha maji, akamwambia, "Mwanangu, ngoja kwanza, mambo haya yana kikao," naye akasema, "Mama, leo siwezi kungoja kikao, na maji nitakunywa atakayonipa shemeji." Kaka mkubwa akatoka, akasema kwa ukali, "Unanidhalilisha mbele za watu!" Askofu akamtazama, akamjibu polepole, "Kaka, ulinifuta kamasi, ndiyo maana nimekuja mwenyewe, wengine nimewaandikia barua."

Ndipo mama akaketi chini na kile kikombe, akasema, "Mmoja yuko kaburini, mmoja anaungua jua mlangoni kwake, mmoja ana ufunguo mfukoni. Nimezaa nini mimi?"

Kaka mkubwa akashuka ngazi, akaenda kwa miguu hadi kwenye mashine ya kusaga, akamkuta shemeji yake ana unga mpaka kwenye nyusi, akampa ufunguo, wakarudi wote wawili. Mjane akaingia, akafunga mlango, na Askofu akasimama, akajikung'uta vumbi, akabisha hodi upya.

"Karibu, shemeji," mjane akafungua, "pole kwa kungoja."

"Nimezoea," akasema, na mama alikuwa wa kwanza kucheka.

Kaka mkubwa alihamisha saruji yake wiki ile ile, akanuna mwaka mzima, kisha mambo yakaisha.

Mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa hospitali mara kadhaa, na alipotoka aliomba augulie kwa shemeji yake huyo, aliyemuuguza kama kaka wa tumbo moja. Alifariki mchana wa Jumanne tarehe 17 Septemba 2013, baada ya kupokea Mpako Mtakatifu. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, jeneza lilisimama mlangoni pale, kaka mkubwa akambishia hodi, na shemeji akafungua, akasema, "Karibu, shemeji."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mapadre na masista, majirani waliopika na kuchota maji, wanakwaya, na katekista yule aliyepiga simu.

Pumzika kwa amani, Ngoja Kwanza, safari hii wanaongoja ni sisi.